Jumapili ambayo hakuna aliyegusa chungu cha mama kwenye kikao cha kupanga mji

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naandika nikiwa Nyakahura, Biharamulo. Haya niliyaona mwenyewe nikiwa binti wa miaka kumi na sita, na sitaongeza chumvi. Laiti ningeweza kupunguza.

Enzi za ujamaa tulihamishwa kutoka kwenye migomba yetu, tukapangwa kando ya barabara. Nyasi zilikuwa bado zinatufika kiunoni, lakini Mzee Daudi, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa tayari anauona mji. Soko hapa, zahanati pale, mtaa wa mafundi ukitazama barabara.

Basi kila Jumapili baada ya ibada, kila nyumba ilileta chakula uwanjani. Ugali wa muhogo, ndizi, maharage, dagaa kwa aliyejaliwa. Kila mtu anachota chungu chochote, tunakula, ndipo tunaongea. Mzee Daudi alisema mwenye njaa hapangi mji, anapanga ugomvi.

(Ugomvi ulikuwepo hata tukishiba, msidhani.)

Mama yangu alikuwa na ombi moja. Kiwanja cha kona, mtaa wa mafundi, kiwe cha kaka yangu Petro. Petro alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa vitani, Kagera, na wanamgambo wenzake. Mama aliamini akirudi akakuta pa kuweka cherehani yake, hataondoka tena.

Jirani yetu Mama Agripina aliitaka kona hiyohiyo kwa mwanawe, fundi baiskeli. Jumapili tatu walivutana.

"Mwanao yuko vitani, wewe unamgombea kona! Atashona mizinga?"

"Atashona, dada. Ataanza na sketi yako hiyo iliyochanika nyuma."

Uwanja mzima ulicheka. Hata Mama Agripina alicheka, huku akijishika nyuma.

Jumapili ya nne mama aliamka mapema. Alipika ndizi na maharage, akatia samli, ambayo kwetu ilikuwa ya sikukuu.

"Leo watanipa," aliniambia. "Mtu hakunyimi akiwa na samli yako mdomoni."

Tukafika, tukaweka chungu katikati ya vingine. Watu wakachota kushoto, wakachota kulia. Chetu wakakiruka.

Nikajua ni fitina. Hasira ikanipanda, nikashika upawa, nikaanza kuwapakulia mmoja mmoja.

"Shikamoo mzee. Onja basi na cha kwetu."

"Marahaba, binti yangu," alisema Mzee Daudi. Akaitazama ndizi. Hakuigusa.

Mama Agripina nilimpakulia lundo, kwa makusudi. Akaiweka sahani chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Zamu ya viwanja ilipofika, mwenyekiti hakungoja mtu aombe.

"Kona ni ya Petro. Kuna anayepinga?"

Nikamgeukia Mama Agripina.

"Apewe," alisema, macho chini.

Mama akapiga kigelegele. Kimoja. Hakuna aliyekipokea.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa wazee wetu wa pale, nyumba yenye kifo ambacho bado hakijaliliwa, jirani hali chakula chake. Unalia kwanza na wenyewe, ndipo mkono wako unaingia kwenye chungu chao.

Mama akaziangalia zile sahani nilizojaza. Akaangalia chungu. Samli ilikuwa imeanza kuganda juu.

"Daudi," alisema, bila hata kumwita mzee, "mmejua lini?"

"Alhamisi. Tuliagizwa tusiseme mpaka watu wa wilayani walete taarifa rasmi."

"Na mkaniacha nipike."

Aliyelia wa kwanza alikuwa Mama Agripina, akajitupa miguuni pa mama.

Midomo yao ilitii ofisi. Mikono ilishindwa kuficha.

Mwili wa Petro hatukuuona. Mama aliishi miaka mingi, lakini hakupeleka tena chakula uwanjani. Kona aliipalilia kwa jembe lake hadi nguvu zilipomwisha, nami nikalipokea. Mji ulikuja kweli, mabati pande zote mbili. Katika watu wa wakati ule, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za kiwanja kile.

Nilichojifunza: habari mbaya mpelekee mtu mlangoni kwake, kabla hajawasha moto. Amri ya kunyamaza haimzuii kujua. Inamfanya tu ajue akiwa peke yake, katikati ya watu.

Sasa wapimaji wamekuja. Wanasema kona iendelezwe au ichukuliwe. Wanangu wanataka fremu za maduka, na siwalaumu, hawakumjua mjomba wao.

Wakuu, kama ni nyinyi, mngejenga nini pale? Semeni bila kunionea haya. Kesho nategemewa kutoa jibu, na jembe bado liko mkononi.