Mifupa katika shamba letu la Kasongo

Leo asubuhi nilidhani wamempata mdogo wangu.

Wachimba dhahabu wamefukua mifupa katika shamba letu karibu na Kasongo. Humo tulimzika haraka, siku tulipokimbia vita, bila hata kupanda mti wa kaburi.

Nikampigia mjane wake, ambaye amekwisha kurudi kule.

"Tulia, shemeji. Mifupa imetoka kwenye muhogo, na pembeni iko magobori na risasi za duara. Hawa ni watu wa vita ya Waarabu na Wabeleji. Haiko yeye."

Nikapumua. Uwanja wa vita ya mababu, chini ya muhogo wetu!

"Lakini wachimbaji hawajali," akaongeza. "Kesho wanahamia kwenye migomba."

Ndugu zangu, kwenye migomba ndiko alikolala.

Mimi niko mbali, na shemeji hawezi kuwazuia peke yake. Nani yuko Kasongo leo, akasimame pale?