Mota ya Nyundo

Mume wangu alimvunja mtu taya kwenye foleni ya maji, na ndoo ya yule mtu ilikuwa haijajaa hata nusu. Nasema mapema nisije nikaonekana namsingizia. Mtaa mzima unamwita Nyundo, na si kwa sababu ya ufundi. Alipigana ulingoni akiwa kijana, akastaafu, ila mikono haikupata habari hiyo. Wanasema hasira hasara. Yeye hasara zake aliwagawia wengine. Alishapasua mlango wa jirani, kioo cha kinyozi na, siku ya harusi yetu, meno mawili ya kaka yangu. Mimi hajanigusa. Watu walipenda kunikumbusha hilo kana kwamba ni zawadi.

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu hauna breki. Yeye husuka upya mota za feni zilizoungua. Tulifanyia kazi chumba kimoja cha mbele, cherehani yangu dirishani, meza yake ukutani. Baada ya lile taya nilimkalisha chini.

"Nyundo, ukimpiga mtu mwingine naondoka. Sitaki kujua nani kaanza."

"Hata mwizi?"

"Mwizi mzuie. Kuzuia na kupiga unajua tofauti yake."

Ndipo nikamnunulia ndege. Ilikuwa ya kuchezea, ya sponji ngumu, niliyoiona kwa muuza vitu chakavu ikiwa haina mota wala betri. Nilitaka mikono yake ipate kazi jioni, na kurusha kitu chepesi namna ile kulionekana kazi ya upole. Nilijidanganya.

Alianza kwa nguvu, kama alivyoanza kila kitu. Alipata mota ndogo ya nyaya tatu, betri ya lithiamu ya ukubwa wa kipande cha sabuni, na kontrola, yaani kile kibao kinachoipimia mota umeme. Halafu akafunga propela, lile panga la kukata hewa, kubwa kuliko zote alizopata, maana kwake kikubwa ndicho chenye nguvu. Mota ikanguruma, kontrola ikatoa moshi, ikafa. Nyundo akaitandika meza ngumi, ubao ukapasuka katikati. Nikaendelea kushona. Meza si mtu.

Safari ya pili alisahau kutoa propela alipokuwa akijaribu mota inazunguka upande gani. Ikaamka ghafla, ikarukaruka mezani kama kuku aliyechinjwa, ikamchana vidole mpaka mfupa ukaonekana. Damu iliruka hadi kwenye gauni la bibi harusi ambalo lilikuwa limebakia pindo tu. Alitukana mpaka sauti ikakauka. Nilimfunga vidole kwa mabaki ya kitambaa, nikatukana kwa zamu yangu, na gauni nikalianza upya.

Hapo akaanza kujifunza, na hilo simnyimi. Alibadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya zile tatu, mota ikageuka upande unaotakiwa. Alichagua propela ndogo, akaisugua upande mmoja kwa msasa mpaka pande zote zikalingana uzito, kwa sababu isipolingana hutikisa ndege hadi ikavunjika. Aliweka mita kwenye waya wa betri ili ajue mota inakula umeme kiasi gani kabla kontrola haijaungua. Muuza betri alimwonya kwamba lithiamu ikipondwa hulipuka moto, basi akaweka karai la mchanga chini ya meza. Nilikuwa nikimtazama akizuia pumzi anapolehemu waya mwembamba, moyo ukanilainika. Nilimpenda upya, sifichi.

Jumapili moja akaifunga ndege mkiani kwa kamba, kamba akaitundika kwenye ndoano ya mizani, akawasha. Ndege ikavuta, mshale wa mizani ukapanda.

"Inatosha," alisema. Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo.

Kaka yangu akaingia wakati huohuo. Ni dereva wa lori, na tangu yale meno yatoke hakuwahi kutusalimia vizuri. Alikuwa amelewa.

"Shemeji, nasikia dada kakufunga kamba," alisema. "Sasa unacheza na midoli."

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kumchukua dada yangu. Ukitaka kunizuia, nipige."

"Kaka, nenda ukalale," nilimwambia.

Alimsukuma Nyundo kifuani. Nyundo akarudi nyuma, mikono kaificha mgongoni. Kaka akamtemea mate usoni, Nyundo akayafuta kwa bega. Niliona fahari mpaka machozi yakanilenga. Kaka alipoona ugomvi haupatikani, aliing'oa betri kwenye ndege, akaitupa sakafuni na kuiponda kwa kisigino cha buti. Ikaanza kuvimba na kufuka moshi. Akaiokota ili amrushie Nyundo.

"Itupe, shemeji, inalipuka," Nyundo alisema.

Kaka akacheka, akaikumbatia kifuani.

Ngumi ikampata kidevuni. Betri ikaanguka, na kabla haijatulia ikatema moto mweupe uliofika magotini. Nikaimwagia mchanga wote wa karai. Ingekuwa bado iko kifuani pa kaka, tungezika mtu.

Nilipogeuka, kaka alikuwa chini na Nyundo yuko juu yake, anaendelea. Pua ilivunjika, niliisikia. Jicho likafumba. Nilimpiga Nyundo mgongoni kwa rula yangu ya mbao hadi ikakatika, ndipo akainuka akihema, damu ya kaka ikimchuruzika mikononi.

"Nimemwokoa," alisema.

"Ya kwanza ilimwokoa. Na zile nyingine?"

Aliitazama mikono yake. Angeweza kusema ni hasira, au yale mate. Ningemwamini, kwa maana nilikuwa natafuta cha kuamini.

"Zilikuwa tamu," alisema.

Nilimwosha kaka uso, nikakunja vitambaa vyangu. Nyundo hakunisihi. Cherehani yangu ni chuma kitupu, na kaka alikuwa hawezi hata kusimama sawasawa. Nyundo aliibeba begani mpaka barabarani, akaitua polepole, akaniuliza kama nimekumbuka sindano.