Kisu cha kukunja alichoniachia baba, na siku nilipokitumbukiza kwenye maji ya chumvi Ivuna

Wakuu, habari za Jumamosi.

Nimekaa barazani kwetu, huku jirani na Mbozi Mission. Ukungu bado umelala juu ya kahawa, kisu kiko mapajani, kitambaa mkononi. Nikasema ngoja leo niwaandikie hii kitu. Hamnijui, siwajui, kwa hiyo sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Kuna mahali humu nimeona watu wanabishana kuhusu visu vya kukunja, chuma kipi kikali, loki ipi imara. Sawa, endeleeni. Mimi ninacho kimoja tu na sijui hata ni chuma gani.

Mods, kama hili sio jukwaa lake hamisheni tu, msifute.

Ni kile kikubwa cha kiwindaji. Kikiwa kimekunjwa kinajaa kiganja kizima. Ukikifungua, mtu aliyekaa karibu lazima asogee kidogo. Mpini ni wa mti mweusi, mwisho wake una shaba. Mgongoni kuna loki, ukikifungua mpaka mwisho inalia "kla!" na hakikunjiki tena mpaka uibonyeze kwa dole gumba.

Baba alikinunua Nakonde miaka hiyo, alivuka mpaka kwa miguu kutokea Tunduma. Aliyemuuzia alikuwa Mbemba mmoja mwenye adabu sana, kila akimaliza sentensi anaweka "mukwai". Baba akarudi na kisu, na hilo neno akarudi nalo. Akiwa na furaha, hata mtoto anamwambia, "Niletee maji, mukwai." Mpaka anakufa, aisee.

Enzi zake alikuwa anafuatana na wawindaji wenye vibali kule bonde la Rukwa, kazi yake kuchuna. Mimi nimekua hizo safari zimeshaisha. Kisu nilichokijua mimi kilikuwa cha kukatia miwa na kamba za magunia ya kahawa.

Lakini Jumamosi mchana, wakuu, kilikuwa kama mgeni wa heshima.

Baba anatandika gunia barazani. Anakifungua. Anafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, halafu kikavu, halafu kikavu kingine. Pale kwenye kiungo, bapa linapoingia kwenye mpini, anasugua kwa mswaki wa zamani. Anapuliza. Kisha tone la mafuta ya cherehani. Sio mafuta ya kupikia, yale yanaganda yanakuwa gundi. Anakifungua na kukifunga ili mafuta yaingie, kisha anafuta yaliyozidi kwa sababu mafuta mengi yanaita vumbi.

Na hakilazi kwenye ala ya ngozi. Ala ni ya safari tu. Ngozi inakunywa jasho na unyevu, ukikilaza humo unakuta kimeota kutu.

Mimi niko kwenye mkeka pembeni. Kule kanisani kwaya inafanya mazoezi, wanarudia ubeti mmoja huo huo, sauti inapanda na kushuka na upepo. Kla. Kimya. Kla. Sijui nilikuwa nasinziaje na kusikia kwa wakati mmoja. Hata sasa nikikifungua, usingizi mtamu unanijia, sijui nyie mnaitaje hiyo hali.

Sasa kwenye kubeba ndiyo alikuwa na masharti.

Kiunoni, kimekunjwa, ndani ya ala, upande wa nyuma. Kwenye basi kinakaa chini kabisa ya begi, hutaki maswali. Ukifika kwenye nyumba ya watu, huingii nacho. Unakitoa, unamkabidhi mwenyeji. Akikurudishia unapokea kwa mikono miwili, unakiingiza kwenye ala hapo hapo, bila kukifungua. Ukikifungua mbele yake ni kama unamkagua, unamwambia sikuamini.

Hayo masharti nimeyashika kama amri za Mungu. Na hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Nina dada yangu mdogo, Tumaini. Aliolewa bondeni Momba, maeneo ya Ivuna, kwa Wasukuma wafugaji waliohamia kule. Siku ya harusi baba alimpa ndama dume. Jamani watu walicheka! Unampelekea Msukuma ng'ombe? Kwani kaishiwa? Baba akasema, "Ng'ombe wa mume ni wa mume. Huyu ni wa binti yangu."

Tumaini akamwita yule ndama Misheni, kwa sababu ametoka huku. Akakua, akahasiwa, akawa maksai wa kulimia na kuvuta mkokoteni. Mtu akimtaka kwa kazi anaongea na Tumaini, sio na shemeji.

Baba alipofariki, mimi nikaachiwa kisu. Kwa hiyo mjue tu, vitu vya mzee tulivyo navyo sisi wawili ni hivyo. Mimi chuma, yeye ng'ombe.

Kiangazi kilichopita nikashuka kumsalimia. Mnaoijua ile njia ya Mlowo kwenda Kamsamba mnajua. Unaondoka na sweta, ukishamaliza mteremko unatafuta pa kulitupa. Hewa inakuwa nzito, mbali huko kwenye joto unaona kama maji yanacheza halafu hakuna maji. Miti imesimama haina haraka. Mimi kule huwa natembea kama niko ndotoni, hata nikiitwa nachelewa kuitika.

Nikafika. Mlangoni nikatoa kisu, nikamkabidhi mama mkwe wa Tumaini. Sote tunamwita Mayu, ndiyo mama kwa lugha yao. Mama mfupi, mkimya, akikusalimia anapiga goti hata kama wewe ni mdogo kwake, mpaka unaona aibu.

Wakanichinjia mbuzi. Shemeji, anaitwa Shija, akaomba kutumia kisu changu, akakisifu sana kilivyochuna. Tukala, tukacheka, basi.

Kesho yake alfajiri, kabla hajaenda kufuata maji, Mayu akaniletea kisu. Kapiga goti, kakishika kwa mikono miwili, kimekunjwa, shaba inang'aa. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikakiingiza kwenye ala. Sikukifungua.

Tukaenda machimboni, ambako wao kiangazi wanapika chumvi. Kama hujawahi kuona, ardhi ni nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Wanachuja ule udongo, maji yake wanayachemsha kwenye makarai juu ya mafiga mpaka chumvi ibaki. Mvuke unapanda taratibu, watu wanatembea ndani yake, unawaona nusu. Nilikaa pale nikamwona mtu kwa mbali amevaa kofia kama ya baba. Nilijua sio yeye. Nikaendelea kumwangalia tu, ilinipendeza.

Nikaamshwa na kelele za Tumaini.

Mkokoteni ulikuwa umepakia magunia ya chumvi. Gurudumu likazama kwenye tope, pale maji ya chumvi yanapochuruzika. Misheni akateleza akapiga magoti, mwenzake akashtuka akazidi kuvuta. Nira ikapinda. Kamba ya nailoni ya shingoni ikamkaba.

Shija akamfungua yule mwingine haraka. Lakini kamba ya Misheni ilikuwa imezama kwenye mikunjo ya shingo, huoni hata fundo. Panga lilikuwepo, la kuni. Shija akalinyanyua, akalishusha. Kwa panga pale unakata kamba na koo kwa pamoja.

Tumaini ameshika kichwa cha ng'ombe, ulimi umetoka nje, macho yamegeuka.

"Kaka, kisu!"

Nikakichomoa. Nikaweka ukucha kwenye kijishimo cha bapa, nikavuta.

Wapi!

Nikavuta tena kwa meno. Hakuna kitu. Ndipo nikatazama kiungo. Kulikuwa na weupe umejaa pale, umegandamana, na rangi ya kutu imeshaanza pembeni.

Nikaelewa saa ile ile. Mayu alikuwa amekiosha. Aliona damu ya mbuzi, akaona mgeni asirudishiwe kisu kichafu, akakiosha kwa maji ya pale nyumbani ya kuoshea vyombo, ambayo yana chumvi, akakikunja kikiwa kibichi kikalala hivyo. Heshima tupu, wakuu. Na mimi kwa heshima sikukifungua.

Pembeni yangu karai linachemka. Maji ya moto yangelegeza ile chumvi na chuma kingetanuka, hilo nililijua. Ila maji yenyewe ni ya chumvi kali. Baba alikuwa hataki hata jasho liguse kile kiungo, na mimi nimebeba kile kisu miaka yote kama yai.

Nikasimama. Sitasema nilisimama muda gani. Kwangu ilikuwa ndefu, nilisikia mpaka ile kwaya.

Tumaini akaniangalia. Na yeye alijua, maana amekulia baraza hilo hilo.

"Kaka, anakufa huyu."

Nikakitumbukiza. Nilikizungushia kamba ya ala, nikakining'iniza, kikazama chote mpaka shaba. Moyo uliniuma, siwafichi, uliniuma kama namzika mzee mara ya pili. Nikakitoa kwa khanga ya Tumaini, mikono inaungua, nikavuta.

Kla!

Nikapitisha vidole viwili kati ya kamba na ngozi, kama baba alivyokuwa akichuna, mgongo wa bapa ukaegemea vidole vyangu, makali yakatazama nje. Nikakata. Kamba ikakatika kwa mlio mkavu.

Misheni hakuinuka. Halafu akavuta pumzi moja ndefu, yenye sauti mbaya, kisha nyingine. Mwishowe akaanza kulamba mkono wa Tumaini. Yeye analia, ng'ombe analamba. Chumvi juu ya chumvi. Shija alicheka mpaka akakaa chini, nadhani ilikuwa ni hofu inamtoka.

Mimi nikakaa juu ya gunia. Kisu mkononi, kinakauka na jua, naona weupe unaanza kutokea kwenye bapa. Maji mazuri pale hakuna. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa mpweke tu ghafla.

Ndipo Mayu akatokea kwenye ule mvuke, ndoo kichwani.

Yale yalikuwa maji ya kunywa. Kule maji yasiyo na chumvi yanafuatwa mbali, mtu anaondoka alfajiri, ndoo moja inakaa kwa familia nzima mpaka kesho yake. Ndiyo alikuwa anarudi nayo.

Akamtazama ng'ombe. Akatazama kisu. Akatazama lile karai. Hakuna aliyemwambia kitu, naapa. Akashusha ndoo, akapiga goti.

"Lete mkono, baba."

Akaanza kumimina. Juu ya bapa, kwenye kiungo, ndani ya mpini. Taratibu, anageuza, anamimina.

Nikamwambia, "Mayu, haya si ya kunywa?"

"Tutakunywa kesho."

"Mayu, yatosha basi."

"Niliosha vibaya. Niache nioshe."

Akamimina ndoo yote. Wakuu, siku ile jua lilikuwa linapiga, midomo yake yeye mwenyewe imekauka, nimeiona kwa macho yangu. Akakausha kwa nguo yake, akaturudisha nyumbani, akatoa samli, akapaka kwa kidole mpaka ndani kwenye kiungo. Akanipa kwa mikono miwili.

Safari hii nikakifungua mbele yake. Kla. Akacheka, meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

Nilipofika nyumbani nikatoa samli na kurudia mafuta ya cherehani. Kisu ni kizima. Kimebaki na doa moja la kahawia karibu na kiungo. Jamaa mmoja fundi hapa Vwawa aliniambia nikilete alisugue kwa msasa litoke. Nimemwambia aliache.

Misheni yupo, analima. Shingoni ana mstari usioota manyoya. Tumaini akinipigia simu naisikia kengele ya Misheni kwa nyuma.

Kwa wenye visu kama hivi, nilichojifunza: kabla ya kukikunja hakikisha kiungo kimekauka, sio bapa tu. Ukiwa maeneo ya chumvi, kifungue na kukifunga kila asubuhi hata kama hukitumii. Na sharti la baba nimelirekebisha kidogo, mzee anisamehe. Bado namkabidhi mwenyeji mlangoni. Ila akinirudishia namwambia, "Njoo tukikaushe wote," tunakaa chini, tunafungua, tunapiga stori. Mtu hajisikii kukaguliwa hata kidogo. Sijui kwa nini sikuliona hilo mapema.

Haya, uwanja ni wenu. Mnatumia mafuta gani, na kuna ambaye kitu chake kiliwahi kuharibiwa na mtu kwa mapenzi tu? Ulimwambia nini? Wa kuja kuniuliza bei, pita kushoto.

Na kabla sijasahau. Nikishuka Ivuna siku hizi sibebi sukari wala mikate. Nabeba madumu ya maji ya huku kwetu, baridi, ya mlimani. Mara ya kwanza Mayu alishangaa sana, akaniuliza ni mgeni gani anakuja na maji.

Nikamwambia, ni ya kisu, mukwai.