Kuchagua Springi za Gitaa la Baba

Fundi wa nguo akitia cherehani mafuta, harufu hiyo hunirudisha sebuleni kwetu, baba akitengeneza kwa mafuta kama hayo gitaa lake kuukuu, lile la kulazwa kama meza na kukanyagwa pedali. Springi zake zilikuwa zimechoka. Ukikanyaga pedali, sauti ya waya ilipanda; ukiiachilia, ilibaki juu, haikurudi mahali pake. Baba alikuwa ameleta springi nyingi kutoka gereji, akizijaribu moja moja, na aliyeulizwa ni dada yangu tu.

"Imerudi, mami?" Alimwita hivyo kwa sababu dada alibeba jina la nyanya, mama yake baba. Mimi nilibeba la nyanya wa upande ule mwingine.

"Bado, baba. Iko juu kidogo."

Kwangu zote zililia sawa, lakini roho iliniuma. "Kwani mimi sina masikio?"

Baba akacheka. "Haya, tuambie wewe."

Akakanyaga, akaachilia. Sikujua lolote. Dada akaniinamia, akanong'ona, "Hii ndiyo."

"Imerudi!" nikapiga kelele.

"Ati! Kumbe hata wewe ni mwanamuziki!" Baba akaifunga springi hiyo.

Nilifurahi mno, halafu nikamwonea dada wivu zaidi, maana hata sifa hiyo ilikuwa yake.