Mama Alipotutangulia Mlimani

Jiwe likipondwa hutoa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Ndiyo harufu ya utoto wangu pale Genkuru, miaka ile watu walipomiminika kutafuta dhahabu na karibu kila ua ukageuka mahali pa kuponda mawe. Mama yangu alikuwa mpondaji. Kabla ya kulipiga jiwe aliligonga kidogo na kusikiliza. Alisema jiwe zima hulia, lenye ufa hukohoa. Wenzangu wa darasa la sita walimwita Mama Vumbi, nami, niseme kweli, nilimwonea aibu.

Kiangazi kile shule ilitupeleka hifadhini, kupitia lango la Ikoma, kupanda mlima mkavu wa mawe matupu, usio na mti hata mmoja wa kivuli. Darasa lililotutangulia lilishindwa kufika kileleni, nasi tuliapa kufika. Alihitajika mzazi wa kuwaangalia wasichana, mama akajitolea. Nilitamani ardhi inimeze. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alizitazama kandambili zake, akacheka. "Mama, wewe tusubiri hapa chini na madumu ya maji." Mama akamjibu, "Mwanangu, wewe umezoea simba, mimi nimezoea mawe. Twende." Askari akatuonya kwamba jua likifika utosini tungegeuka, tuwe tumefika au hatujafika.

Tulipanda kwa mikono na magoti. Mawe yalichoma viganja kama kikaango, na pimbi walitupigia kelele kutoka nyufani. Karibu na kilele njia ikaishia kwenye jiwe pana lililoegemea ukingo wa korongo. Askari alipoinua mguu, mama akamshika mkono, akaokota kokoto, akaligonga lile jiwe. Likakohoa.

"Hili halijashika mlima."

"Njia ni hii tu, mama. Tusipopita hapa tunarudi."

"Basi lisukume kwanza."

Askari akaketi, akalisukuma kwa buti zake mbili, akitabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. Jiwe likateleza, likaporomoka korongoni kwa kishindo kilichotutetemesha vifua. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ndipo Chacha, yule aliyembandika mama jina la Vumbi, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Bhoke, sasa tupite wapi?"

Mama akazunguka upande wa pili, akigonga jiwe moja baada ya jingine. "Hili zima. Kanyaga. Hili liache." Tulimfuata kama siafu, askari akiwa wa mwisho. Jua lilikuwa karibu kabisa na utosi tulipofika juu, na mbuga yote ikalala miguuni petu, nyumbu wakiwa wadogo kama mbegu za ulezi. Mama akapiga vigelegele, nasi tukapiga kelele hadi mlima ukaitikia. Mimi nilipaza sauti kuliko wote: "Huyo ni mama yangu!"

Mwaka huu tumemzika. Siku hizi mashine ya karasha inaponda kwa saa moja mawe ambayo yeye angeyaponda wiki nzima, na wanangu hawajawahi kushika nyundo. Msibani ulisomwa wasifu wake: alizaliwa, aliolewa, alizaa, aliponda mawe. Mlima haukutajwa. Nilikuwa nimekaa mkekani, nami sikusimama, maana kusema mbele za watu kunanishinda. Basi nauandika hapa mstari uliosahaulika: alifika kileleni wa kwanza, na watoto arobaini nyuma yake.