Opal Stroud na Mwimbaji Aliyeogopa Farasi

Opal Stroud alikuwa jirani yangu hapa Newhall, California, mjane wa maneno machache aliyekodisha farasi kwa watu wa sinema. Miaka ile kabla ya Vita Kuu ya Pili, vilima vyetu vilijaa wachunga ng'ombe wa filamu, wale wanaofukuza majambazi kisha wanashika gitaa.

Aliyependwa kuliko wote aliitwa Lonnie Bascombe. Sauti yake ililiza watu wazima. Lakini alikuwa mtoto wa kinyozi, kazaliwa ghorofani mjini, na aliwaogopa farasi kama mtu anavyoogopa chui. Kwenye filamu mtu mwingine ndiye aliyepanda. Lonnie aliimba akiwa juu ya pipa lililofungwa tandiko.

Mwaka huo kampuni yake ya filamu ikatangaza kwamba ataongoza gwaride la Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mjini kwetu, juu ya farasi. Lonnie akamjia Opal, uso umempauka.

"Nifundishe, Bi Opal. Lakini asijue mtu. Watoto wa nchi nzima wananiamini."

"Sitasema," Opal akajibu. "Njoo alfajiri."

Basi akawa anakuja kila alfajiri, anaanguka, anainuka. Asubuhi moja mpiga picha wa gazeti akamkuta anatoka kwa Opal, shati limejaa majani makavu, Opal akimkung'uta mgongoni. Kesho yake picha ikawa ukurasa wa mbele: mwimbaji mwenye mke, na mjane wa Newhall!

Mji ukawaka. Pauline Fanning, kiongozi wa kwaya, akamwambia Opal apumzike kuimba kanisani "mpaka mambo yatulie." Dukani walimzomea: "Haya, mama wa mastaa! Leo umeamkia wapi?"

Nilimfuata zizini. "Opal, mimi nimewaona kutoka uani kwangu, ukimfundisha kupanda. Kwa nini husemi ukweli?"

"Nilimwambia sitasema."

"Na yeye yuko wapi?"

"Kampuni imemficha. Wamemkataza kufungua mdomo." Akaendelea kupiga farasi brashi, akiwa amenipa mgongo. Nikajua analia.

Siku ya gwaride sikudhani atatoka, lakini alikuja, kwa sababu farasi wa kupandwa na Lonnie alikuwa wake. Akasimama pembeni peke yake; watu walimwachia nafasi kama mwenye ndui. Lonnie akatokea juu ya farasi huyo, mwekundu, mgongo umenyooka, hatamu zimetulia mkononi. Alipanda vizuri! Angeweza kupita tu, akapunga kofia, akaenda zake.

Ndipo mwanamke mmoja akapaza sauti: "Opal, mpenzi wako huyo, mpungie mkono!"

Lonnie akavuta hatamu. Gwaride zima likasimama nyuma yake.

"Jamani," akasema, "mimi sijui farasi. Nilikuwa nawaogopa mno. Huyu mama alinifundisha, akatukanwa kwa ajili yangu, na mimi nikakaa kimya. Nisamehe, Bi Opal."

Kisha mkewe, Claudine, akasimama ndani ya gari lililofuata. "Kweli tupu! Na mimi ndiye niliyekuwa nampaka dawa makalioni kila siku!"

Kicheko kilianzia kwa watoto kikashika barabara nzima. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, halafu wakapiga makofi, na makofi yale yalimwelekea Opal. Lonnie akashuka, nusura aanguke, akamkumbatia mbele ya mpiga picha yuleyule.

Pauline Fanning akasogea, uso umemwiva. "Opal, Jumapili tutakuona kwenye kwaya?"

"Mtaniona," Opal akasema. "Ila sisimami karibu na wewe, Pauline. Unanipotezea sauti."

Kampuni ilidhani Lonnie amekwisha. Wapi! Filamu zake zilijaza watu zaidi, maana sasa kila mwoga alimwona ni mwenzake. Opal naye alirudi nyumbani mchana ule, akavua viatu, akakaa kizingitini akivuta pumzi ndefu, mara ya kwanza tangu gazeti litoke. Nikampelekea kipande cha pai ya pichi. Akakila chote, akaniomba kingine.