Kiboksi Kilichotoka Gesti ya Nassa

Mume wangu alinipigia saa nane mchana kuniuliza nafanya nini gesti, Nassa. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Bariadi, mtoto wa miezi tisa amelala kwenye vitambaa pembeni yangu.

"Niko kazini," nikamjibu.

"Simu yako inaonyesha uko gesti. Leo siku ya tatu."

Yeye anafanya kazi kiwanda cha pamba Maswa, na kabla hajaondoka aliweka simu yangu iwe inamwonyesha nilipo. Kwa usalama, alisema. Nikamwamsha mtoto ili amsikie. Akasema hata Nassa watoto wanalia, na kwamba Jumamosi anakuja na mama yake, mtoto aende kulelewa kwao Sola. Mtoto ananyonya, anachukuliwa kwa ushahidi wa simu.

Nikamfuata dada wa steshenari, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayeuza wai-fai. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mayu, mama yangu, hicho ni kiboksi changu cha wai-fai. Nilikinunua mwezi uliopita, nikakiwasha juzi. Kuna gesti ilifungwa Nassa, wakauza mpaka mashuka."

Akanieleza. Chini ya bati simu haipati satelaiti vizuri, kwa hiyo inasikiliza wai-fai zilizo karibu, inauliza mtandaoni kila moja inajulikana iko wapi. Hiki bado kimeandikwa Nassa, kama mtu aliyehama bila kumuaga mjumbe. Na upande wetu wa soko hakuna wai-fai nyingine ya kukibishia.

Nilimweleza mume wangu yote hayo. Akasema nimefundishwa uongo.

Jumamosi wakaja kweli, mkwe ameshika kanga ya kumbebea mtoto. Yeye nilimpigia goti, ni lazima. Mume sikumsalimia. Nikamwonyesha kiti cha wateja.

"Kaa. Washa simu yako, uangalie uko wapi."

Ikazunguka kidogo, ikatulia. Akaitazama, akatoka nayo mlangoni, akarudi, akaitazama tena.

"Inasemaje?" mama yake akauliza.

"Inasema tuko gesti, Nassa," nikamjibu mimi. "Na wewe umo, mama."

Mkwe akamgeukia mwanawe. "Nimepanda basi toka Sola kwa ajili ya hili?" Ile kanga akajifunga mwenyewe kiunoni, akaomba maji ya kunywa.

Mume wangu akasema basi, yaishe. Nikamnyonyesha mtoto palepale, na kwa mkono mwingine nikazima kwenye simu yangu hiyo ya kumwonyesha nilipo. Akitaka kujua, apige aulize. Nitajibu nikipenda.